Mlio wa Krenki ya Kaka

Lango la nyumbani kwetu Uriri halikufungwa tena tangu siku tuliyomzika kaka yangu, na ng'ombe wa jirani walilijua hilo kabla ya watu. Waliingia asubuhi, wakala mahindi ya upande wa kushoto, wakatoka taratibu kama wageni waliokaribishwa. Mama aliwatazama tu. Nilipotaka kurudisha hata mti mmoja wa kuzibia, alinizuia.

"Acha hivyo," alisema. "Kuna kitu hakijarudi."

Kitu chenyewe kilikuwa pikipiki.

Nitaeleza kwa mpangilio. Kazi yangu ni kuripoti habari za redio kutoka Migori mjini: bei ya mahindi, mto ukifurika, kesi za mashamba. Kazi hiyo imenizoesha kuanza na lililotangulia. Kaka alikuwa fundi wa pikipiki Rongo, kando ya barabara kuu. Aliugua kifua, akalazwa, akafa. Hakufa barabarani. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila niliyemwuliza baadaye habari za pikipiki yake alidhani ndiyo iliyomuua, akapunguza sauti.

Pikipiki za boda huku kwetu huwa na silinda moja. Ya kaka ilikuwa na mbili, zimesimama bega kwa bega. Aliipata ng'ambo ya mpaka ikiwa imekufa, akaivusha Isebania juu ya mkokoteni, ikakaa nyuma ya kibanda chake mpaka kuku wakaizoea. Alipoifufua, mlio wake ulikuwa wa kawaida: pigo moja, pigo jingine, kwa nafasi sawa, kama mtu anayebisha mlango bila haraka. Lakini ilitetemeka. Alipofika Homa Bay mikono yake ilikuwa imekufa ganzi, akashindwa hata kufungua vifungo vya jaketi.

Jumapili moja alinieleza sababu, mezani kwa Mama, kwa ngumi zake mbili. Chini ya pistoni kuna krenki, chuma kilichopinda kama pedeli za baiskeli, ambacho hugeuza kupanda na kushuka kuwa mzunguko. Kiwandani walizipanga pistoni zile mbili zipande pamoja na kushuka pamoja, zikipokezana kuwaka. Akainua ngumi zote, akazishusha, vikombe vikaruka.

"Pistoni ikifika juu husimama kidogo kabla ya kurudi," alisema. "Sasa zikisimama zote mbili mara moja, nani anabeba mshtuko? Mimi."

Kisha akaachanisha ngumi. Moja ikafika juu na kusimama wakati nyingine ilikuwa katikati ya safari, inakimbia.

"Ukisogeza upande mmoja wa krenki robo mzunguko, huyu akisimama, mwenzake yuko mbio. Mmoja anamfichia mwenzake aibu."

"Na kiwanda hawakulijua hilo?"

"Walijua mengine. Hizi silinda zenyewe hazikukaa juu ya kitovu cha krenki. Wamezisogeza mbele kidogo, ili moto ukisukuma pistoni chini, mkono wake ushuke karibu na wima, usiegemee ukuta. Unaona? Hata wao wanajua katikati si lazima pawe pahali pazuri."

Mama alimwambia asogeze vikombe kwanza kabla ya kusogeza krenki.

Aliifanya kazi hiyo mwenyewe. Krenki ile ilikuwa ya vipande vilivyoshindiliwa pamoja, kwa hiyo aliitenganisha kwa presi ya jeki, akazungusha nusu yake robo, akaishindilia tena. Kisha ilimbidi aikate kemshafti, fimbo inayofungua na kufunga vali, na kuichomelea upya ili vali zifuate pistoni zilizohamishwa. Akapanga upya na wakati wa plagi kuwaka. Ilipowaka, mtetemo ulikuwa umepungua kabisa, lakini mlio haukuwa ule wa kubisha mlango. Mapigo mawili yalikaribiana, halafu pengo. Tu-tu, kimya. Tu-tu, kimya. Kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi anayetembea kwa haraka na hana maumivu yoyote.

Hakuna pikipiki nyingine iliyolia hivyo kutoka Migori mpaka ziwani. Mke wake aliisikia tangu ikiacha lami, akabandika maji ya ugali. Kaka alipovua viatu, maji yalikuwa yanachemka.

Mke huyo ni Mkuria, kutoka upande wa Kehancha. Nyumbani tunasema Kijaluo, yeye alikuja na Kikuria chake, na Kiswahili kikawa lugha ya yeye na Mama: lugha ya kuazimana chumvi na ya kugombana. Mama humwita nyar Kuria, binti wa Wakuria, hata akiwa amemkasirikia. Mimi na yeye huitana wifi.

Sasa mazishi. Zamani, mwanamume akizikwa kwetu, watu waliswaga ng'ombe dume mpaka mwisho wa kijiji kwa kelele, fimbo na mikuki, ili kifo kifukuzwe kitoke katika ardhi yetu. Kisha waliwarudisha ng'ombe nyumbani kabla jua halijazama, na hapo ndipo mambo mengine yalipoweza kuendelea. Tunaita tero buru. Siku hizi ng'ombe ni wachache na waendesha boda ni wengi, kwa hiyo wao ndio wanaokifukuza kifo. Walikuja wa Rongo, wa Uriri na wa Migori, wamefunga matawi kwenye taa, wananguruma mpaka watoto wakaziba masikio. Ya kaka iliwekwa mbele. Mtu aliyevaa jaketi ya manjano akaipanda, wakatoka wote kwa pamoja, vumbi likasimama juu ya njia kama ukuta.

Walirudi kabla ya jua kuzama. Ya kaka haikurudi.

Hakuna aliyekuwa amefikiria tofauti moja. Ng'ombe dume ukimkimbiza mbali hurudi mwenyewe, kwa kuwa analijua zizi lake. Pikipiki humjua aliyeishika tu.

Nilianza kuuliza wiki ileile, kwenye stage, pale boda zinapongojea abiria.

"Madam, sisi tulijua huyo ni wa Migori," alisema mmoja.

"Sisi wa Migori tulijua ni wa Rongo," alisema wa pili. "Alikuwa na jaketi ya manjano."

"Nyote mlikuwa na jaketi za manjano."

"Basi ni mmoja wetu," akasema wa tatu, na wakaangua kicheko. Halafu wakaacha kucheka wote kwa mara moja, wakatazamana jaketi.

Baba mdogo, ndugu wa mwisho wa marehemu baba yetu, ndiye msemaji wa mila pale nyumbani. Alitoa uamuzi wake akiwa amesimama langoni, kofia mkononi. Kilichotoka kukifukuza kifo hakijarudi. Kwa hiyo kazi haijaisha. Lango lisifungwe. Na mjane asilale nje ya nyumba yake hata mara moja mpaka kazi iishe.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa zito. Mama mzazi wa wifi yangu alikuwa amelala kitandani huko kwao, upande mmoja wa mwili umekufa, na aliyekuwa akimgeuza ni jirani mwenye watoto wake. Wifi alikuwa anakwenda asubuhi na kurudi jioni, magari mawili na boda, akimwacha mamake kabla hajamlisha chakula cha jioni. Binti yake mdogo alikuwa mgongoni kwake kwenda na kurudi.

Nilimwambia aende tu. Nilisema mambo ya kusema: kwamba yeye si Mjaluo, kwamba Mama ni mtu wa kanisa, kwamba mila ya ng'ombe haiwezi kumfunga mtu kwa sababu ya pikipiki.

Alikuwa anachambua maharagwe. "Wifi," alisema, "nikienda hivi, mtoto huyu akipata hata mafua, ni mimi. Mama yako akianguka chooni, ni mimi. Nitakuwa nimekwenda na kifo chao kwenye mkoba." Akatupa jiwe dogo nje ya mlango. "Na kuna kingine. Mama anaisikia."

"Anasikia nini?"

"Mwulize."

Mama alinijibu bila aibu, kama anayetaja bei. Jua likianza kuinamia upande wa ziwa, pikipiki hupita barabarani. Huja kutoka upande wa Rongo. Ikifika njia ya kuingia kwetu hupunguza mwendo, kama inayotaka kukata kona. Halafu huendelea.

"Boda ni nyingi, Mama."

"Boda nazijua. Hii ni yake. Inachechemea."

Alikuwa amehamisha kiti chake karibu na mlango na sasa alikuwa analala hapohapo, amekaa, miguu juu ya gunia. Nilikaa naye alasiri mbili tatu. Sikusikia kitu. Lakini nilimwona wifi, jikoni, akisimama ghafla na kushika sufuria, kisha akiirudisha mahali pake polepole, kama mtu aliyekuta mkono wake ndani ya mfuko wa mwingine.

Niliitafuta kwa namna niliyoona inafaa. Rangi ya pikipiki hubadilishwa, namba hung'olewa. Mlio ule ulikuwa ndani kabisa ya chuma. Kwa hiyo sikuuliza watu kama wameona. Niliuliza kama wamesikia, nikawapigia kwa vidole viwili juu ya meza, ndoo, au kiti cha plastiki: tu-tu, kimya.

Sokoni Rongo, muuza ndizi alinijibu kabla sijamaliza. "Ile yenye kigugumizi? Ilipita." Akaelekeza kwa kidevu, njia ya Homa Bay.

Mbele ya hapo kuna kanisa la Kiadventista karibu na barabara, na kiongozi wa kwaya alikuwa akipanga viti.

"Ilikuwa Sabato," alisema. "Tuko kwenye wimbo wa polepole kabisa. Ikapita, na watu wa besi wakaifuata."

"Besi wote?"

"Wote! Ikabidi niwasimamishe mbele ya waumini. Hawa watu wangu wangefuata hata mashine ya kusaga."

Hivyo ndivyo nilivyofika Homa Bay, kwa vidole. Mtu mmoja alinielekeza kwa mwingine, mpaka karakana iliyo karibu na mahali malori ya samaki hupakia barafu. Fundi wake alikuwa mfupi, mcheshi, mwenye kalamu nyuma ya kila sikio.

"Uliza tu, madam wa redio," alisema, "lakini usinirekodi. Mke wangu atajua niko wapi."

Nikapiga vidole juu ya benchi lake. Kicheko kilimtoka usoni.

"Hiyo haiko tena," alisema. "Nilishaitoa."

Ilikuwa nyuma, chini ya turubai. Tangi limepakwa rangi nyeusi, namba hakuna, lakini nilikijua kiti kwa sababu nilikuwepo wifi alipokishona. Fundi alinieleza kwa kirefu, na sikuhitaji kumwuliza maswali mengi. Mtu mwenye jaketi ya manjano alikuwa ameileta.

"Akaniambia, nitolee hii sauti. Nikamwambia, ndugu yangu, sauti ya injini si kofia, kwamba unaivua. Akasema hata akiizima anaisikia. Anaweka pikipiki hapa, anaenda kula pale, na bado inakuja. Nikajua amevuta kitu."

"Ukafanyaje?"

"Nikafungua. Nikakuta krenki imekaa vibaya, nusu yake imezunguka robo nzima. Nikasema, fundi gani mlevi amefanya hivi? Silinda hizi kiwanda wamezisogeza mbele, sawa, hiyo nimeizoea, hiyo ni ya kitabu. Lakini hii ya krenki haikuwa ya kitabu. Nikairudisha ilivyozaliwa." Akachukua kitu kilichoning'inia kwenye msumari ukutani. "Halafu nikatoa kemshafti, nikaona hii."

Ilikuwa fimbo ya chuma, na katikati yake pete nyembamba ya kuchomelewa, laini kama kovu la zamani.

"Hapo ndipo nilipojua hakuwa mlevi," alisema. "Mlevi hachomelei hivi. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na mwenye mali alikuwa ananiharakisha. Nikaweka kemshafti ya kawaida. Hii sikuweza kuiuza kama chuma chakavu. Imekaa hapo, inanitazama."

Mwenye jaketi hakurudi kuichukua. Alikuwa amesema anaelekea Rusinga, kwa jamaa zake, na mtu mmoja alimwona Mbita akivuka daraja la kisiwani kwa miguu, akitembea katikati ya barabara na kugeuka nyuma kila mara, ingawa nyuma yake hapakuwa na kitu.

Nikauliza swali ambalo mtu wa kazi yangu huuliza hata kama hapendi jibu.

"Uliibadilisha lini?"

"Kabla ya mvua kubwa."

Mvua kubwa zilikuwa zimekwisha. Mahindi yaliyopandwa zilipoanza ndiyo ng'ombe wa jirani waliyokuwa wakila. Mama alikuwa ameusikia mlio ule juzi. Kwa hiyo alasiri zote hizo, injini ilipokuwa imefunguliwa juu ya benchi Homa Bay, na baadaye ilipokuwa chini ya turubai na mlio mwingine kabisa, kitu kilikuwa kinapita njiani kwetu Uriri na kupunguza mwendo. Niliyaweka mambo hayo mawili sambamba kichwani na sikupata la kuandika kati yake.

Nikaipeleka nyumbani vilevile ilivyokuwa. Kijana wa boda aliiendesha na mimi nikakaa nyuma. Ilibisha njia nzima, pigo kwa pigo, sawasawa. Tuliingia langoni jua likiwa juu bado. Baba mdogo alivua kofia. Mama alitoka mpaka kizingitini, akainamisha kichwa, akasikiliza. Kisha akageuka, akarudi kitini.

"Hiyo ni ya mtu mwingine," alisema.

"Mama, kiti ni kile! Fremu ni ile! Hata injini ni ileile!"

"Ng'ombe akitoka analia hivi, jioni ukaletewa anayelia vile, utasema ni wako?"

Baba mdogo akavaa kofia yake. Lango likabaki wazi.

Wifi alikuwa amesimama jikoni na sufuria tupu. Siku ile alikuwa ametoka kwao akiwa amemkuta mamake ana kidonda mgongoni, cha kulala upande mmoja bila kugeuzwa. Aliizunguka ile pikipiki, akagusa silinda ya kwanza, akagusa ya pili.

"Huyo fundi wako," aliniuliza, "anaweza kuiharibu tena?"

Tuliirudisha Homa Bay kesho yake asubuhi na mapema, ili wifi awahi kurudi kabla ya usiku. Fundi alisikiliza, akakuna kichwa kwa kalamu.

"Yaani unataka nivunje nilichotengeneza."

"Nataka uweke alichotengeneza mume wangu."

"Sina kipimo chake, dada. Robo ya nani? Robo yangu si robo yake."

Wifi akanyoosha mkono ukutani, akaitoa kemshafti msumarini, akamwekea mbele. Fundi akaitazama ile pete ya kovu na vigongo vya kusukuma vali vya pande zote mbili, vya huku na vya kule, na namna vilivyopishana. Kipimo kilikuwa hapo. Alikuwa amekitundika yeye mwenyewe.

"Haya," alisema taratibu. "Haya, mzee. Nimekuelewa." Hakuwa anazungumza nasi.

Aliishusha injini, akaitenganisha krenki chini ya presi, akaizungusha, akaishindilia. Wifi alikaa juu ya kreti ya soda na hakuondoa macho. Nje, watu wa samaki walikuwa wanavunja barafu kwa marungu. Alipoiwasha mara ya kwanza, ilikohoa na kutoa moshi, kisha ikalia.

"Bado," alisema wifi.

Fundi akagusa upande wa plagi ya pili, akasogeza wakati wake wa kuwaka. Akawasha.

"Bado. Hiyo inakimbilia. Yake haikuwa inakimbilia, ilikuwa inangoja."

"Dada, injini haingoji!"

"Ya kwake ilingoja."

Alisogeza tena, kidogo sana, kwa ncha ya bisibisi. Akawasha. Tu-tu, kimya. Tu-tu, kimya. Nilimtazama wifi, na nikaona mkono wake umenyooka kando, vidole vimekunjika kushika mpini wa sufuria ambayo haikuwapo.

Kaka alikuwa amemfundisha kuendesha. Alipanda yeye, mimi nikakaa nyuma. Ni kweli haikutetemeka. Miguu yangu ilikuwa juu ya chuma kilichokuwa kinapokezana ndani yake, mmoja akisimama, mwenzake yuko mbio, na nikahisi utulivu ambao uliniogopesha kuliko mtetemo. Muuza ndizi aliinuka tulipopita. Kwenye stage, mwendesha boda mmoja akavua kofia yake ya chuma.

Baba mdogo alitukuta langoni. "Mwanamke ndiye anairudisha?"

Mama alikuwa ameshasimama. Sijui alisimama lini. Alikuwa nje, katikati ya uwanja, bila fimbo yake.

"Waliporudi ng'ombe zamani," alimwambia, "wewe uliuliza nani amewaswaga? Sogea."

Baba mdogo akasogea. Wifi akaingia polepole, akaizungusha pikipiki mara moja mbele ya nyumba, akaizima karibu na kaburi. Mama alikuja mpaka pale, akaweka kiganja juu ya injini iliyokuwa bado moto, akakiacha hapo muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kustahimili. Kisha akaenda langoni, akaburuta miti mwenyewe, mmoja mmoja, akazuia kila mtu aliyetaka kumsaidia. Usiku ule alilala kitandani.

"Nyar Kuria," alimwambia wifi asubuhi, "bado uko hapa? Mama yako anageuzwa na nani?"

Wifi aliondoka na mwanawe na begi moja. Aliniambia kwa simu kwamba amemkuta mamake hai, na jioni hiyo alimlisha mwenyewe, akamgeuza, akalala chini kando ya kitanda chake. Kidonda kinaanza kukauka. Hajasema atarudi lini, na Mama hamwulizi. Wakizungumza kwa simu, huzungumza habari za maharagwe.

Pikipiki iko bandani, chini ya turubai. Fundi wa Homa Bay alisema ikikaa sana bila kuwashwa mafuta yataganda kwenye kabureta, lakini hakuna anayeiwasha. Ng'ombe wa jirani hufika langoni asubuhi, wakasimama, wakaondoka. Mama hulala vizuri. Nimemwuliza mara kadhaa kama bado anasikia kitu barabarani, naye hunitazama kama mtu anayeulizwa habari za mwaka mwingine.

Mwisho wa wiki mimi huenda kukaa naye. Jumapili iliyopita alikuwa kibarazani anapukuchua mahindi yaliyobaki, nami nilikuwa jikoni nikiosha vyombo. Jua lilikuwa limeanza kuinamia upande wa ziwa. Nikaisikia ikija kutoka upande wa Rongo. Mapigo mawili, pengo. Mapigo mawili, pengo. Nilitoka mlangoni na mikono yangu ikidondosha maji. Mama hakuinua kichwa. Punje ziliendelea kudondoka katika sinia yake kwa mwendo uleule.

Nilikwenda bandani, nikainua turubai, nikaweka mkono juu ya silinda ya kwanza, kisha ya pili. Zilikuwa baridi. Vumbi juu yake halikuwa na alama ila ya vidole vyangu.

Kule barabarani ilifika kwenye kona yetu, ikapunguza mwendo. Nilisubiri iendelee, kama Mama alivyokuwa akisema. Haikuendelea. Niliisikia ikiacha lami.

Nikarudi jikoni, nikabandika maji.